Eti Afadhali Ibaki Berlin

Jioni ya tarehe 26 Desemba, tukiwa tumekizunguka chungu cha pilau nyumbani kwa dada yangu mjini Berlin, shemeji yangu alitamka sentensi ambayo nimeisikia kwa wasomi wenzangu, kwa wanasiasa, kwa madereva wa teksi na, nakiri, hata kinywani mwangu mwenyewe. Alisema: "Shemeji, tusidanganyane. Mifupa ile afadhali ibaki huku huku. Kwetu ingekuwa imeshaliwa na mchwa." Watu wakacheka. Nami nilicheka, kisha tonge likanikwama kooni, kwa sababu aliyesema hayo si Mjerumani. Ni Mmwera wa Lindi.

Msomaji wangu, najua baadhi yenu mlitarajia niwasimulie safari. Wengine mmekwisha kuniandikia mkitaka picha za Lango la Brandenburg, na picha hizo ninazo, nimesimama mbele yake katika koti la kuazima nikitetemeka kama kuku aliyeloana. Lakini wiki hii nina ugomvi na sentensi hiyo moja, na nitagombana nayo mpaka mwisho.

Nianze na jinsi nilivyofika. Dada yangu, anayenifuata kwa kuzaliwa, ni muuguzi, na ameishi Berlin kwa miaka 14. Kila mwaka hunialika, na kila mwaka kusahihisha mitihani hunizuia. Safari hii niliamua mitihani ingoje. Ili nipewe viza niliombwa barua ya mwajiri, taarifa za benki, bima, barua ya mwenyeji wangu, na zaidi ya yote ushahidi kwamba ninayo sababu ya kurudi nilikotoka. Nikautoa wote. Baadaye, nikiwa nimesimama chini ya shingo ya mjusi wa Tendaguru, nilikumbuka kwamba zaidi ya tani 200 za mifupa ziliingia mji huo huo kutoka mkoa wa Lindi, na hakuna aliyeziuliza zitarudi lini.

Dada anakaa Wedding, mtaa wa wafanyakazi na wahamiaji, katika ghorofa ya nne isiyo na lifti. Karibu na hapo kuna sehemu ambayo Wajerumani huiita Mtaa wa Kiafrika, yenye barabara zinazoitwa Togostraße, Ugandastraße na Sansibarstraße. Usidhani ziliitwa hivyo kwa upendo. Zilianza kupewa majina hayo mwishoni mwa karne ya 19, wakati dola la Kijerumani lilipokuwa likijivunia makoloni yake kama mtu anayejivunia mashamba mapya. Kituo cha treni ya chini ya ardhi kinaitwa Afrikanische Straße. Ukipanda hapo kuelekea kusini, bila kubadili treni, unateremka katika kituo kiitwacho Naturkundemuseum, na hatua chache kutoka hapo yuko mjusi wetu. Mpwa wangu, mwenye umri wa miaka 11, ameikariri njia hiyo. Ndiye aliyenipeleka.

Wale waliowahi kufika katika makumbusho hayo wataniunga mkono: hakuna picha inayokuandaa. Unaingia katika ukumbi wenye paa la kioo, na kiunzi kinasimama mbele yako kwa urefu wa mita 13.27, kirefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Watoto wa shule walikuwa wamelala chali sakafuni ili wamwone vizuri. Mpwa wangu hakulala chali. Alisimama pembeni yangu, mikono mfukoni, kwa utulivu wa mwenye mali, akaniambia kwa Kiswahili chake kinachochechemea: "Mjomba, huyu ni wetu. Nimewaambia darasani, hawakuamini." Kisha akauliza: "Tendaguru pakoje?"

Nikamwambia sijawahi kufika.

"Kwa nini? Si kwenu?"

Nimefundisha sayansi ya siasa chuo kikuu kwa miaka 19. Nimekwenda Lindi mara tatu, mara zote kwa semina zenye posho. Nimeuona mji wa Berlin kabla ya kuuona mlima ulioujaza ukumbi maarufu wa mji huo, ilhali mlima wenyewe uko kiasi cha kilomita 60 tu kutoka hoteli niliyolala. Sikuwa na jibu la kumpa mtoto, na sinalo mpaka leo.

Sasa tuseme yaliyotendeka, kwa kuwa sentensi ya shemeji hustawi pale tu yanaposahauliwa. Vita vya Majimaji vilianza katika milima ya Matumbi mwezi Julai 1905 na vikaenea kusini yote, Lindi ikiwamo. Wajerumani walivimaliza kwa bunduki na kwa njaa: walichoma vijiji, wakachoma maghala, wakaharibu mashamba. Kumbukumbu zao zilikadiria vifo 75,000; wanahistoria wetu wanataja hadi 300,000. Vita vikaisha mwaka 1907. Mwaka 1909, miaka miwili tu baadaye, wakaja wataalamu kutoka Berlin, Werner Janensch na Edwin Hennig, wakaanza kuchimba Tendaguru. Walichimba hadi 1913. Nasema walichimba, lakini ulimi unateleza: waliochimba ni mamia ya wenyeji, chini ya msimamizi aliyeitwa Boheti bin Amrani. Na kwa kuwa mbung'o hawakuruhusu wanyama wa mizigo, mifupa hiyo ilitoka mlimani juu ya vichwa na mabega ya watu, siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, safari maelfu kwa maelfu.

Hebu fikiri walikuwa ni akina nani. Mtu mwenye umri wa miaka 25 aliyebeba pingili ya uti wa mgongo wa mjusi mwaka 1910 alikuwa na miaka 20 vita vilipoanza. Alikuwa amenusurika njaa. Huenda alikuwa amezika mama yake, au hakumzika. Akapokea ujira mdogo wa kubeba, akamshukuru Mungu kwa ujira huo, maana shamba lilikuwa limekufa. Hiyo ndiyo "kazi ya hiari" inayotajwa na wale wanaosema kila kitu kilifanyika kihalali. Kihalali kwa sheria ya nani? Aliyechoma ghala ndiye aliyetunga sheria, ndiye aliyelipa ujira, ndiye aliyeandika hati ya mzigo.

Jina la Boheti, kwa taarifa yako, lilisubiri hadi mwaka 2007 ndipo mnyama mmoja wa Tendaguru akaitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Aliyempa jina hilo ni mtaalamu wa Kijerumani.

Turudi mezani kwenye pilau. Hoja ya mchwa inaonekana ya busara kwa sababu inavaa vazi la unyenyekevu. Anayeitoa anajiona mkweli, mtu asiyejidanganya kuhusu nchi yake. Lakini itazame vizuri. Mifupa hiyo ilikaa katika ardhi ya Lindi kwa kiasi cha miaka milioni 150 bila mlinzi, bila paa na bila ruzuku, na mchwa hawakuila, kwa sababu rahisi kwamba imegeuka jiwe. Mchwa hawali jiwe. Kinacholiwa hapa ni akili zetu.

Je, Ulaya ndiyo kabati salama? Mtaalamu wa Kijerumani Ernst Stromer alichukua kutoka jangwa la Misri mifupa ya mnyama mkubwa aitwaye Spinosaurus, akaipeleka München. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Aprili 1944 ndege za Waingereza ziliupiga mji, na mifupa hiyo ikateketea yote. Zikabaki picha na michoro. Makumbusho ya Berlin yenyewe yalipigwa bomu Februari 1945. Upande wake wa mashariki ukaporomoka na ukabaki gofu kwa zaidi ya nusu karne, hadi ulipofunguliwa tena mwaka 2010. Baadhi ya mifupa ya Tendaguru ilipotea katika vita hivyo. Simcheki mtu kwa kupigwa bomu. Nasema tu kwamba hakuna Mjerumani aliyesimama mwaka 1945 akasema: "Jamani, sisi hatuwezi kutunza vitu, afadhali tuvipeleke Lindi."

Shemeji alinisikiliza huku akimenya chungwa. Ni mtu mpole, amefanya kazi za zamu za usiku bohari kwa miaka mingi, na siyo mjinga hata kidogo. Akanijibu kwa swali: "Wewe makumbusho ya kwetu umeyaona?"

Nimeyaona, na hapa sharti niwe mwadilifu. Miaka kadhaa iliyopita nilitembelea makumbusho moja ya mkoani, jina lake nalihifadhi. Mlinzi alikwenda kutafuta ufunguo. Taa mbili kati ya sita ziliwaka. Katika kitabu cha wageni, aliyenitangulia alikuwa amesaini wiki tano kabla yangu. Kwenye kabati moja, maelezo yalikuwa yamedondoka, na kifaa kilichokuwa ndani hakikuwa na jina tena. Shemeji ana haki ya kuuliza.

Ila ona anakokwenda na haki hiyo. Kutokana na kabati lisilo na maelezo, yeye anahitimisha kwamba vitu vyetu vikae kwa wengine. Mimi nahitimisha kwamba aliyepewa bajeti ya kabati hilo aulizwe. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na tofauti yake ndiyo siasa yenyewe. "Afadhali ibaki huko" ni neno tamu kuliko yote katika masikio ya watawala wazembe. Linawaondolea mzigo wa kujenga, wa kuajiri, wa kutengeneza barabara, wa kuandika vitabu. Na ni tamu vilevile katika masikio ya Berlin, ambayo haina haja ya kutoa hoja yoyote maadamu sisi wenyewe tunaitolea. Bungeni kwetu suala la mjusi huyu limeibuka mara kadhaa, na kila mara hujibiwa kwa lugha ya gharama na utaalamu, kana kwamba gharama na utaalamu ni hali ya hewa, havitokani na uamuzi wa mtu.

Halafu kuna Kalenga. Fuvu la Mkwawa, ambalo Mkataba wa Versailles wa 1919 uliamuru lirejeshwe katika kifungu chake cha 246, lilirudi Uhehe mwaka 1954. Kwa miaka sabini sasa limekaa katika makumbusho madogo ya Kalenga, nje kidogo ya Iringa, pasipo paa la kioo wala mamilioni ya yuro. Halijaliwa na kitu chochote.

Wala si kweli kwamba tuna njia mbili pekee, ama kiunzi kizima kipakiwe melini kesho ama tunyamaze milele. Mwaka 2022 taasisi ya Berlin inayosimamia makumbusho ya taifa ilitia saini kuikabidhi Nigeria umiliki wa vitu 512 vilivyoporwa Benin na Waingereza mwaka 1897. Kiasi cha theluthi moja vilibaki Berlin kwa mkopo, kwa ridhaa ya Nigeria. Mwenye mali akawa Nigeria. Berlin ikawa mpangaji. Hilo ndilo ninalolitaka lidaiwe kwa Tendaguru: umiliki kwanza, mahali baadaye. Mjusi anaweza kuendelea kusimama chini ya kioo chake mpaka tujenge nyumba yake, lakini asimame kama mgeni wetu aliyepo kwa mkataba, wenye kodi, wenye nafasi za masomo kwa vijana wa Lindi, na wenye tarehe. Makumbusho yale yanapokea mamia ya maelfu ya wageni kila mwaka. Nililipa tiketi yangu mwenyewe mlangoni. Sijui ni nchi gani nyingine ambako mwenye ng'ombe hulipa kiingilio ili amwone ng'ombe wake.

Dada akatukatiza kwa chai. Nadhani alihofia Krismasi yake.

Kesho yake shemeji aliniambia twende tutembee, wanaume wawili, watoto wabaki. Theluji ilikuwa imeanguka usiku. Akanipeleka, bila kunieleza, kwenye barabara ambayo zamani iliitwa Petersallee. Iliitwa hivyo tangu mwaka 1939, enzi za Hitler, kwa heshima ya Carl Peters, yule yule aliyepita kwetu na karatasi za mikataba ya ulaghai, ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, na ambaye serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa unyongaji alioufanya Kilimanjaro. Mwaka 1986 wakuu wa mji walifanya ujanja: jina wakaliacha, wakatangaza kwamba sasa ni la Peters mwingine. Ilichukua miaka mingi ya Waafrika wa Berlin na wenzao Wajerumani kuandamana, kuandika na kwenda mahakamani. Agosti 2024 barabara ikagawanywa mara mbili: sehemu moja inaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la shujaa wa Namibia, na nyingine inaitwa Maji-Maji-Allee. Upande mwingine wa mji, huko Neukölln, iko Lucy-Lameck-Straße, mahali pa jina la Wissmann, gavana aliyetupiga vita pwani nzima.

Tulisimama chini ya kibao hicho cha Maji-Maji-Allee. Shemeji akasema alihudhuria sherehe ya kukizindua, akasimama nyuma, akarudi kazini. Hakumwambia mtu.

Hapo ndipo nilipomuuliza lile ambalo mezani, mbele ya mtoto, sikutaka kuliuliza. Maana Berlin haina mijusi tu. Ina mafuvu ya watu, zaidi ya elfu moja kutoka Afrika Mashariki, yaliyokusanywa na madaktari na maofisa wa kikoloni kwa "sayansi" ya kupima vichwa. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba vinasaba vya baadhi ya mafuvu hayo vimelingana na vya watu walio hai, walioko Tanzania leo. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa Machi 1900, na ukoo wake umekitafuta kichwa chake miaka nenda miaka rudi. Nduna Songea Mbano alinyongwa Februari 1906. Wazee wa Songea wanasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na Novemba 2023 Rais Steinmeier alisimama Songea akaomba msamaha. Nikamuuliza shemeji: "Na hao, je? Nao afadhali wabaki huku?"

Alinyamaza kwa muda mrefu. Sentensi yake ilikuwa imefika mahali ambapo haitamkiki. Hakuna mtu, hata yule anayejidharau kuliko wote, awezaye kusema kuhusu kichwa cha babu yake kwamba afadhali kikae kwenye boksi la ng'ambo kwa kuwa nyumbani kuna mchwa. Na kama haisemeki kwa kichwa cha babu, basi haikuwa kamwe hoja kuhusu utunzaji. Ilikuwa hoja kuhusu nani anastahili kuwa na vitu.

Kisha akasema, akiutazama ule ubao na siyo mimi: "Babu alikuwa akisema baba yake alibeba mawe ya Wajerumani mpaka Lindi. Sisi watoto tulikuwa tukicheka. Tulisema, mawe ya nini? Wazungu hawana mawe kwao?"

Akaniuliza kama nadhani yalikuwa yale. Nikamwambia inawezekana. Tukarudi nyumbani.

Siku yangu ya mwisho nilikwenda peke yangu Brunnenstraße, namba 193. Kwenye njia ya waenda kwa miguu, mbele ya mlango, kuna kijiwe kidogo chenye uso wa shaba kilichopachikwa chini kwa ajili ya Mtanganyika mmoja. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaingizwa katika jeshi la Wajerumani akiwa mtoto wa miaka 10, pamoja na baba yake. Mwaka 1929 akafika Berlin, akadai mishahara yao ya vita, akanyimwa. Akawa mhudumu wa hoteli, akaigiza katika filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 akakamatwa kwa uhusiano wake na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo Novemba 1944. Aliitwa Bayume Mohamed Husen. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu kama mimi, wa lugha hii ninayoiandika, naye ametoka mji ninaoishi. Katika miaka 19 ya kufundisha sijawahi kulitaja jina lake darasani. Kuhusu hilo siwezi kumlaumu waziri yeyote.

Nimelitaja Jumatatu iliyopita. Kati ya wanafunzi 140, hakuna aliyekuwa amelisikia. Mmoja aliuliza kama litakuwemo kwenye mtihani. Nikamwambia litakuwemo.

Dada amekubali mpwa wangu aje likizo ya Julai, na shemeji amenitumia kwa simu jina la kijiji cha babu yake. Nimeanza kuulizia njia ya Tendaguru. Mtu wa kwanza niliyempigia Lindi, dereva ninayemfahamu tangu zile semina, alishangaa sana. "Mwalimu, unakwenda kufanya nini kule? Mjusi si yuko Ujerumani?" Nikamwambia namleta kitukuu wa mmoja wa waliombeba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema Julai njia huwa imekauka, ila nitafute gari la juu, na nibebe maji ya kutosha.